Mahali Lori Lilipolala

Mwezi uliopita nilikwenda Tarime kumsalimia mtoto wa kaka yangu, ambaye amejenga Bomani. Asubuhi, kabla chai haijawa tayari, nilijikuta nimepiga magoti uani kwake nikichungulia chini ya gari. Akatoka na mswaki mdomoni, akashtuka.

"Shikamoo shangazi. Umeangusha nini?"

"Marahaba. Sijaangusha kitu. Naangalia lilivyoamka."

Alicheka hadi povu la dawa ya meno likamdondokea kifuani. "Shangazi bwana! Gari la siku hizi linasema lenyewe. Likiumwa, taa inawaka."

Niliinuka nikajipangusa vumbi. Taa ni kitu kizuri, na magoti yangu yangefurahi kupumzika. Lakini siku nzima niliwaza nyumbani kwetu kwa zamani, na kwa kuwa wewe una subira kuliko yule kijana, kaa nikueleze.

Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, tuliishi mlimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Tarime. Nakumbuka baridi ya asubuhi iliyouma masikio, moshi wa kuni, maziwa mgando kwenye vibuyu, na uji wa ulezi uliomiminwa ukiwa bado unatoa mapovu. Na nakumbuka lori. Halikuwa letu. Lilikuwa la mwenye duka mmoja wa mjini, na baba alikuwa dereva wake. Mwenye duka alikuwa na malori mawili. Jipya, la kijani, lililala ndani ya ua wa duka. Hili kuukuu halikupata nafasi humo, kwa hiyo lililala kwetu. Mlango wake mmoja ulifungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, na lilipowaka alfajiri kuku wote walikimbilia nyuma ya ghala.

Mwaka ule lilikuwa limeharibika njiani mara mbili. Mwenye duka alimwita baba akamwambia waziwazi kwamba msimu huo wa kupeleka mahindi na kahawa Musoma ulikuwa wa mwisho kulijaribu. Likishindwa kufika hata safari moja, atalikata aliuze kama chuma chakavu, na baba atarudi kushika jembe. Baba alirudi nyumbani akakaa mbele ya ugali bila kunawa mikono. Shamba letu lilikuwa dogo, na mimi nilikuwa mtoto wa kike pekee wa ukoo wetu aliyekuwa shuleni. Hata mimi nilielewa kwamba jembe likirudi, daftari litaondoka.

Bibi, mama yake baba, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Asubuhi huwa unalitazama?"

"Nalitazama, mama. Nalifuta vumbi, nagongagonga magurudumu."

"Na mahali lilipolala?"

Baba hakuelewa. Labda na wewe hukukulia kwenye ng'ombe, basi nikufafanulie. Mfugaji wa kwetu hakufungua zizi na kuwaachia ng'ombe watoke hivi hivi. Alisimama mlangoni akashika masikio ya huyu kama yana joto, akatazama pua ya yule kama ina unyevu. Wote wakishatoka, aliingia mwenyewe zizini na kutazama ardhi. Mavi yakiwa na damu, au mahali pakiwa pameloa isivyo kawaida, alijua nani anaumwa kabla mnyama mwenyewe hajaonyesha. Bibi aliwaza kwamba lori nalo linalala, na kitu kinacholala huacha alama.

Tatizo lilikuwa vumbi. Tone likidondoka kwenye vumbi linamezwa, asubuhi huoni kitu. Kwa hiyo bibi alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akasiriba pale lori linaposimama kama vile anavyosiriba sakafu ya nyumba. Pakakauka, pakawa laini, akanyunyizia majivu meupe aliyoyachekecha kwa ungo. Majirani walikuja kushangaa.

"Mama, lori linaolewa lini?" mmoja alimuuliza.

"Wewe mahari yake huna," bibi alijibu bila kuinua kichwa.

Kisha alimwambia baba adondoshe kwenye majivu tone moja la kila kitu kilichomo ndani ya lori. Akatuita watoto tutazame. Mafuta ya injini yalikuwa meusi, yakatuna juu ya majivu kama shanga. Mafuta ya gia yalikuwa mazito, yenye harufu inayokwama puani. Maji ya rejeta yalienea na kuacha duara pana. Mafuta ya breki yalikuwa mepesi, ya manjano hafifu, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kuliko maji. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia, hivyo kazi yangu ikawa kuona na yake ikawa kunusa. Kila asubuhi lori lilipovutwa mbele kidogo, tulipiga magoti sote wawili. Alama ya mbele katikati ilikuwa ya injini au rejeta, ya nyuma katikati ya gia, na ile ya karibu na gurudumu, ya breki, ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Usidhani bibi alipatia kila kitu. Vyuma vya springi vilipolia sana, alivipaka samli. Mbwa wa kijiji kizima wakahamia kwetu kulilamba lori, na baba alilazimika kuwafukuza kwa fimbo ndipo aondoke. Tangu hapo bibi alikubali kwamba grisi ina kazi yake. Lakini mengine aliyajua kutoka jikoni. Alijua maji ya chemchemi yetu huacha utando mgumu ndani ya sufuria, kwa hiyo rejeta ilipewa maji ya mvua tuliyokinga kwenye pipa. Alijua chungu chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka, kwa hiyo baba alikatazwa kuongeza maji kabla injini haijapoa. Na lori liliporudi jioni, nilitumwa kushika katikati ya kila gurudumu kwa kiganja. Lililokuwa na joto kuliko wenzake lilikuwa na homa, na baba alilifungua kabla usiku haujaingia.

Msimu ukaenda vizuri. Safari ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikabaki moja. Magunia yalipakiwa jioni, turubai likafungwa, na meli ilikuwa iondoke Musoma siku ya pili yake jioni. Alfajiri lori la kijani likapita barabarani, limeoshwa linang'aa, dereva wake kijana akipiga honi.

"Kaka! Bado mnamkamua huyo ng'ombe mzee?"

Baba aliwasha injini. Alivuta lori mbele, nasi tukapiga magoti. Karibu na gurudumu la nyuma la kulia niliona alama ndogo, haizidi kwato ya mbuzi.

"Baba, hapa pana kitu."

"Mkojo wa mbwa huo," baba alisema, tayari mguu mmoja uko juu.

Bibi aliinama, akanusa, akasugua vidole. "Mbwa gani huyo anakojoa mafuta?"

Baba alishuka, akatazama, akafumba macho. Nilimwona akihesabu kichwani. Kufungua gurudumu kulikuwa na maana ya kushusha magunia, na kushusha magunia kulikuwa na maana ya kuchelewa meli. Kuchelewa meli ni sawa na kutofika.

"Tone moja tu, mama. Nitakwenda polepole."

Bibi hakumzuia. Alimuuliza tu, "Ule mteremko wa kwenda kwenye pantoni, chini yake kuna nini?"

"Mto Mara."

"Haya."

Baba akaenda kuleta jeki.

Nilipiga kelele kuita majirani, na wale wale waliocheka mambo ya harusi wakaja mbio kushusha magunia. Ndani ya gurudumu baba alikuta kipande kidogo cha mpira cha breki kimeliwa ukingoni. Kwenye kopo lake la akiba alikuwa na kingine, alichokitoa kwenye lori lililokufa. Kukibadilisha hakukuchukua muda mrefu. Lakini breki ikishafunguliwa huingia upepo, na upepo ule lazima utolewe: mmoja analala chini na spana akifungua skrubu, mwingine anakanyaga pedali, na mwingine anaongezea mafuta yasiishe. Miguu yangu haikufika kwenye pedali. Majirani waliogopa. Bibi akakunja kanga yake, akapanda ndani, akashika usukani kwa mikono miwili kama ameshika pembe.

"Kanyaga!" baba alisema kutoka chini.

"Nimekanyaga!"

"Achia!"

"Naachia! Nikanyage tena au unalala huko?"

Majirani walicheka wakiwa na magunia mabegani. Mimi nilikuwa namimina mafuta taratibu, mpaka baba akasema basi, pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Magunia yakarudi juu. Baba akafungua mlango ili mama yake ashuke.

"Nimeshakaa," bibi alisema. "Na huyu mwenye macho apande pia."

Hivyo ndivyo nilivyofika mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza. Sikuona mengi ya njiani. Nilikuwa natazama mguu wa baba. Tulipofika kwenye mteremko wa Kirumi, penye pantoni, mto ukitandaza maji yake kule chini katikati ya mafunjo, aligusa pedali na lori zima, na magunia yake yote, likapunguza mwendo kwa utii. Akagusa tena, likatii tena. Tulisimama kando ya maji bila hata kokoto kuruka. Baba alianza kucheka peke yake. Bibi alimpigapiga begani kama anavyompigapiga ng'ombe aliyesimama vizuri wakati wa kukamuliwa.

Tulivuka. Ng'ambo, baada ya vilima viwili, tuliona moshi mweupe, na tulipokaribia ukawa mvuke. Lori la kijani, lililokuwa likichemka na kusimama njiani tangu alfajiri, lilikuwa limefunguliwa boneti katikati ya barabara, dereva wake ameinua debe la maji ya mtoni.

"Usimwage!" bibi alipiga kelele dirishani. "Utapasua chungu!"

Kijana akabaki na debe hewani. Baba alilala chini ya lori lile, akatoka na kidole kilicholowa. Bomba la chini la rejeta lilikuwa limechanika, na michirizi myeupe iliyokauka ilionyesha kwamba lilikuwa likivuja kwa majuma kadhaa.

"Hili hulala wapi?" bibi aliuliza.

"Uani, bibi. Kwenye kokoto."

"Kwenye kokoto," bibi alirudia.

Baba alitoa mnyororo. Walipofunga pande zote mbili na kijana akawa tayari kwenye usukani wake, bibi alitoa kichwa nje akamwita kwa neno ambalo Wakurya huwaitia vijana wao: "Mura! Shika mkia wa ng'ombe wetu, twende!"

Tuliingia Musoma jua likiwa bado juu ya ziwa, lori kuukuu mbele likinguruma kwa gia ndogo, jipya nyuma limenyamaza. Wapagazi waliacha mizigo wakapiga miluzi. Wanawake wauza samaki walipiga vigelegele bila kujua wanamshangilia nani, na bibi akawapungia mkono. Meli ilikuwa bado inapakia. Mwenye duka, aliyetangulia siku moja kabla, alisimama gatini na mwavuli wake. Alizunguka malori yote mawili, akashika mnyororo, akamtazama baba.

"Fundi wako ni nani?"

Baba alinyoosha mkono kuonyesha juu, dirishani.

Mwenye duka alifunga mwavuli. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lori lako jipya lina kiu."

Juma lililofuata lori la kijani nalo lilihamia kwetu kulala, na bibi akasiriba mahali pa pili. Mwenye duka alikuja mwenyewe kulitazama. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na alipotaka kukanyaga majivu bibi alimsimamisha kwa kiganja. Akavua. Nilikuwepo nikayaona: mtu aliyeogopwa mji mzima, amechuchumaa peku kwenye uwanja wetu, mama yangu akimkaribisha uji.

Leo pantoni haipo, daraja limeshika nafasi yake. Malori yale yalikatwa zamani, na nyumba ile ya mlimani imebaki mawe matatu ya jiko na mahindi ya watu wengine. Siwezi hata kukuonyesha picha, kwa sababu hakuna aliyetupiga. Lakini mimi nilimaliza shule, nikawa mwalimu. Na baba aliendesha magari mpaka mvi zikamjaa kichwani, na jembe alilishika Jumamosi tu, kwa kupenda mwenyewe, huku akiimba.