Siku Niliyokula Mchana kwa Jina la Mzee Salimu

Salimu aliponinyooshea ile kadi nilitakiwa kumwambia hapana, rafiki yangu, kaa nayo, na ningesema hivyo leo nisingekuwa na cha kuwasimulia, na mimi ningeridhika kabisa kukosa cha kusimulia. Sikusema hapana. Nilisema, "Hebu niione," nikaiona, nikaitia mfuko wa shati. Aibu ninayo mpaka sasa na sina wa kumsingizia, maana hata yeye alinipa kwa wema.

Salimu ni jirani yangu huku upande wa Mtinko tangu tukiwa vijana wa kuchunga. Yeye ni Mwislamu, ndiye anayeadhini kwenye msikiti wetu mdogo, na mimi ni Mkristo wa benchi la nyuma. Mtoto wake Hamisi, anayefanya kazi Manyoni, aliwalipia baba na mama yake uanachama kwenye ile bustani mpya ya michezo nje kidogo ya mji wa Singida, yenye mabembea marefu na mabomba ya kutelezea kwenye maji, na mwanachama ana ruhusa ya kukaa kwenye sebule maalumu ambayo watu wengine hawaingii. Hamisi alimwambia baba yake kwamba kadi ni ya wao wawili tu, asimpe mtu (hili Salimu alinieleza huku ananipa).

Shule zilikuwa zimefungwa na wajukuu zangu walikuwa kwangu, wakiongozwa na Neema, msichana wa kidato cha pili ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya kumpa kitu kingine chochote, na wote walitaka kwenda kwenye hayo maji. Nikamlalamikia Salimu kwamba nitashinda juani nikilinda viatu vya watoto.

"Si uende na kadi yangu," akasema. "Mimi nimefunga. Nikafanye nini kule, kutazama watu wanakunywa juisi?"

"Ina jina lako."

"Jina ndiyo, picha haina. Ingia, kaa, pumzika. Ila Zakaria, usiniharibie jina."

"Nitaliharibu vipi kwa kukaa kwenye kochi?"

Ilikuwa Ramadhani, kumi la katikati. Nawaomba mlishike hilo, maana mimi sikulishika.

Watoto nikawalipia getini wakatawanyika kuelekea kwenye maji, nami nikaenda kwenye mlango ulioandikwa WANACHAMA TU, nikiwa nimevaa koti langu la ibada. Mlangoni alikaa binti mmoja amejistiri vizuri, jina lake Zuhura, akaipitisha kadi kwenye kimashine, kikalia, akasoma jina, uso ukamfunguka kama mtu aliyeona wa kwao.

"Assalaam aleikum, Mzee Salimu. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu," nikasema, tena kwa sauti ya kifuani, maana kuishi na Salimu kumenifundisha, na badala ya kuona haya nilijisikia fahari kwamba nimejibu vizuri.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine, makochi ambayo ukikaa unazama mpaka magoti yanakuwa juu kuliko tumbo, dirisha kubwa linalotazama ziwa na mawe yetu (ambayo nimeyatazama bure maisha yangu yote), na pembeni meza ndefu ya vyakula vya wanachama. Sambusa, maandazi, keki, chai ya maziwa. Unajichukulia mwenyewe. Wazazi kadhaa walikuwa wamekaa na watoto wao wadogo wanakula, na mimi Zakaria sikuwa nimefunga, kwa hiyo nikajaza sahani, nikamimina chai, nikaweka sukari kama ninavyoweka nyumbani, yaani nyingi, nikakaa. Nilichosahau ni kwamba aliyeingia mle ndani hakuwa Zakaria.

Nilikuwa na sambusa mdomoni Zuhura aliponijia. Alichuchumaa kabisa karibu na kochi ili wengine wasisikie.

"Babu, samahani," akasema. "Nadhani umesahau. Leo tumefunga."

Binti yule alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Mtu akila kwa kusahau anakumbushwa, anatema, anaendelea na saumu yake, na hakuna anayemcheka. Ningetema, ningeshukuru, ningekaa na njaa yangu mpaka jioni, na jina la Salimu lingebaki safi. Lakini sambusa ilikuwa ya nyama, na nzuri, na mimi nina kidato cha nne cha zamani, kile cha kumfanya mtu aamini ana jibu la kila kitu.

"Sijasahau, mjukuu wangu," nikasema. "Nina sukari. Daktari amenikataza kufunga."

"Pole sana, babu." Akatazama kikombe. "Lakini mbona chai umeiweka sukari yote hiyo?"

"Imeshuka," nikasema.

Nilikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo kuhusu mama mkwe wake, na nilidhani ni neno la kumaliza mazungumzo. Kumbe ni neno la kuyaanza. Zuhura alisimama kama aliyeguswa na moto, akasema bibi yake alikwenda hivyo hivyo, kwa sukari kushuka, mchana, watu wakidhani amesinzia. Kabla sijameza nilikuwa nimelazwa kwenye kochi, miguu imeinuliwa juu ya mito, viatu vimevuliwa (soksi ya kulia ilikuwa na tundu la kidole gumba, na kidole kilitoka chote kusalimia wanachama). Akaja kijana wa huduma ya kwanza na mkoba wake. Mama mmoja mwanachama akaanza kunipepea kwa kipeperushi cha bei za mabembea.

"Ngoja nimpigie mtoto wake," Zuhura akasema. "Namba ipo kwenye kadi."

"Usimsumbue Hamisi," nikasema.

"Ndivyo wanavyosema wote," yule mama akasema, na alisema kweli, sijawahi kuona mzee mgonjwa asiyesema hivyo.

Kijana akanichoma kidole, akatazama kifaa chake. "Mbona iko sawa?"

"Ni ile chai," Zuhura akamjibu. "Imemsaidia."

Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema ukweli pale kochini. Kila ilipokuja nafasi nilijiambia kwamba nikisema, nitakuwa nimemchongea Salimu kwa kuazima kadi, kwa hiyo nanyamaza kwa ajili ya jina lake. Nilijiona mwaminifu kabisa, nimelala chali, nanyweshwa juisi kwa mrija.

Neema akaingia na wenzake wameloa maji, sijui nani aliwaita. Akanitazama kuanzia kidole gumba mpaka mrija.

"Babu Zakaria, umepatwa na nini? Asubuhi si umemaliza kiporo chote cha ugali?"

"Zakaria ni nani?" Zuhura akauliza.

Nikamkonyeza Neema.

"Jicho limeanza kucheza," kijana wa huduma ya kwanza akasema, akatafuta tochi.

Neema ana akili za haraka, sijui kazitoa upande gani wa ukoo. Aliitazama kadi mezani, akanitazama mimi, akavuta kiti, akachukua sambusa yangu. "Ni jina la utani," akamwambia Zuhura. Kisha akanigeukia. "Pole sana, Babu Salimu. Upone, uje utuadhinie."

Nikaomba kuondoka. Wakakataa, utaratibu ni mgonjwa akabidhiwe kwa ndugu. Nikalala pale mchana kutwa, mwenye afya nzuri kuliko wote waliokuwa wananipepea.

Hamisi alifika kutoka Manyoni na shati limemganda mgongoni. Aliingia akipita watu, akafika kochini, akasimama. Zuhura akaninyooshea mkono, kana kwamba Hamisi hajaniona.

"Shikamoo, Mzee Zakaria," Hamisi akasema. Hata katika hali ile alinisalimia, na mimi, kwa mazoea, nikaitikia marahaba nikiwa nimelala.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Ni mzima."

Alikaa kwenye mkono wa kochi akafunika uso. Nilidhani anacheka, nikaanza kutabasamu ili nimsindikize, kisha nikaona mabega, nikajua analia.

"Kwa hiyo babu," Zuhura akaniuliza taratibu, "hata sukari huna?"

"Sina."

Aliinua kile kikombe na sahani akaenda navyo, akarudi na kitambaa akaifuta ile meza, akaifuta tena, midomo yake imekauka kwa saumu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi kuumwa kweli. Kadi ilibaki pale. Msimamizi alimwambia Hamisi kwamba uanachama wa wazazi wake umekwisha, na Hamisi akasema sawa.

Alitupakia kwenye gari lake, watoto wamelowa nyuma, mimi mbele, na njia nzima hadi Mtinko hakusema zaidi ya jambo moja: "Nilimpigia mama nikamwuliza baba yuko wapi, akasema ametoka tangu asubuhi."

Sikuelewa uzito wake mpaka tulipofika. Salimu alikuwa amekwenda mnadani na simu yake aliiacha dukani ikichajiwa. Mama Hamisi, aliposikia kwa mtoto wake kwamba mume wake ameanguka mjini akiwa anakula, na kweli nyumbani hayupo na simu haipatikani, alilia, na akilia mke wa mwenye kuadhini kijiji kizima kinasikia. Wanawake wakaja, mikeka ikatandikwa. Salimu alirudi jua limeinama, anavuta mbuzi ambaye hakupata mnunuzi, akakuta watu wamejaa kwake kimya, akauliza nani amefariki. Kisha mmoja akamwambia kwamba ni yeye, ila bado, na kwamba amekula mchana kule mjini, kwenye chumba cha matajiri, mbele ya watu.

Sisi tuliwakuta bado wamekaa. Nikashuka garini mbele yao wote na kipande cha pamba kwenye kidole nilichochomwa.

"Mgonjwa ameletwa," mzee mmoja akasema.

"Shemeji," Mama Hamisi akaniita, macho yamevimba. "Ni wewe uliyekula?"

"Ni mimi."

Salimu alikuwa ameketi kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe. Hakupandisha sauti.

"Walikuuliza kama wewe ni mimi?"

"Waliniita kwa jina lako, nikaitika."

"Ukala."

"Nikala."

"Hakuna aliyekukumbusha?"

"Alinikumbusha binti mmoja. Vizuri sana."

"Ukamwambia nini?"

Nikamweleza yote, sukari, kushuka kwake, na juisi ya mrija. Vijana waliosimama nyuma ya mikeka wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu waziwazi, na siwalaumu, ningekuwa nyuma kule ningecheka. Salimu akawatazama, akainuka, akajipangusa kanzu. Jua lilikuwa linazama na yeye ndiye wa kuadhini.

"Mzee Salimu," kijana mmoja akamwita, "kwanza angalia sukari isije ikashuka ukiwa kwenye kipaza sauti."

Watu wakacheka tena, wakubwa kwa wadogo, na safari hii hawakunicheka mimi. Salimu akaenda. Aliadhini jioni ile, na jioni iliyofuata, na kila akipita watoto walikuwa wakiulizana kwa sauti kama mzee amekunywa chai. Baada ya hapo tukasikia sauti nyingine kwenye kipaza sauti, ya kijana mgeni, nzuri tu. Walipomuuliza kwa nini ameacha, Salimu alisema koo limechoka.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikwenda kama inavyotakiwa, nikiwa na mzee mwingine wa kunisemea, nikakiri bila kupunguza kitu, na Salimu akanipa mkono akasema, "Yamekwisha, Zakaria." Ni mtu wa dini na naamini alisamehe. Nikaomba pia niende mwenyewe nje ya msikiti, siku ya watu wengi, niseme mbele ya wale vijana kwamba kosa ni langu. Akasema tafadhali nisimsaidie tena.

Idd ilipofika, mtoto alileta kwangu sahani ya pilau kutoka kwa Salimu, imefunikwa kitambaa, kama zilivyopelekwa sahani kwa majirani wote wa mstari ule. Miaka yote iliyopita hakuna sahani iliyowahi kuletwa kwangu, kwa sababu nilikuwa nakula kule kule, mkeka mmoja na mwenye nyumba, tunagombea nyama ya mfupa.

Siku hizi hata nikipewa mwavuli wa mtu kwenye mvua nauliza kwanza una masharti gani. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyechelewa. Tukikutana njiani Salimu ananisalimia, ananiuliza habari za nyumbani, namjibu, anapita. Kwa ajili ya kukaa mchana mmoja kwenye kochi nililokatazwa, rafiki yangu hayuko tena kwenye kipaza sauti cha msikiti wake, na mimi sina rafiki.