Mikorosho Aliyoshinda Dickson

Dickson alijiita bingwa mwenyewe; hakuna aliyempa ubingwa. Mabaharia wa meli moja walimfundisha poka, kamari ya karata, alipokuwa kuli wa bandari ya Mtwara, na alipowashinda mara mbili wakiwa wamelewa, akaacha kazi. "Mimi sasa ni mchezaji wa kulipwa," akatutangazia mtaani kwetu, Magomeni ya Mtwara. Aliyekuwa akimlipa ni mkewe, Sabina, kwa cherehani yake. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, na nilimdharau tangu siku ya tangazo hilo.

Uchezaji wake ulikuwa maonyesho matupu. Alivaa miwani ya jua ndani ya kilabu chenye giza, akaweka kijiti cha meno kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, akanuna kama mtu aliyefiwa. Alisema anasoma nyuso. Labda alizisoma, lakini uso wake ulisomwa hata na muuza karanga: karata zikiwa mbovu, kijiti kilihamia kulia. Mtaa mzima tulijua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu debe tupu likivuma, raha yake ni kulisikiliza.

Mwaka 1998, mwezi wa tano, alikaa mezani na Amiri, mkulima wa upande wa Naliendele. Amiri alipoishiwa fedha, akaweka shamba la mikorosho analolilima. Bingwa akamkodolea macho. Amiri alikuwa ametulia, hata jasho hana. "Huyu anatisha tu, hana kitu," Dickson akaamua, akafunua ree tatu, karata za juu kabisa. Kweli, Amiri alikuwa na takataka. Akampa mkono akasema, "Shamba hilo, kaka. Lipalilie."

Na Dickson akalipalilia! Akafyeka, akafagia chini ya kila mti. Maua yalipoanza kushikwa na ukungu mweupe, ikahitajika salfa na bomba la kuipulizia. Akauza cherehani. Sabina alilia mbele yangu. Alisema ameahidiwa mpya korosho zikiuzwa, na asipoipata hajui watoto watakula nini. Nilimwonea huruma, yeye tu.

Sisi wa huku tungeuliza swali moja kabla ya kugawa karata: mikorosho ya nani? Huku mwanamume akioa huhamia ukweni, na shamba hubaki la ukoo wa mama wa mkewe. Kwao Dickson, Singida, shamba ni la mume, basi akadhani dunia nzima ni Singida. Amiri alitulia kwa sababu alichoweka mezani hakikuwa chake.

Korosho zilipoanza kudondoka, Dickson akaenda na magunia. Akamkuta Mwanakombo, mke wa Amiri, anaokota pamoja na dada zake.

"Karibu, kaka Dickson," Mwanakombo akasema. "Asante kwa kazi. Amiri alituambia amepata kibarua wa kupalilia, tena hadai ujira."

"Kibarua? Shamba hili langu! Mumeo nimemshinda!"

"Kama umemshinda Amiri, mchukue Amiri. Yeye kaoa tu hapa. Mikorosho hii ya mama yangu."

Dada zake wakaangua kicheko. Kisha Mwanakombo akamwambia lile ambalo huku huambiwa mpita njia yeyote anayetamani tunda la mkorosho: "Mabibo chukua, ujaze hata gunia. Korosho zake tu ndizo utuachie."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Naliendele waliniambia mikorosho ile haijawahi kuzaa vile, maana haijawahi kutunzwa vile.

Alirudi na gunia moja la mabibo, maji yake yakimchuruzika mgongoni. Sabina alikuwa mlangoni, pale cherehani ilipokuwa ikikaa.

"Korosho ziko wapi, baba Brian?"

Bingwa akavaa miwani yake. Kijiti kikatoka kushoto, kikahamia kulia.

Sabina alikiona kikihama. Alikuja kwangu kuazima sindano ya mkono.