Mkoromo wa Muuaji

Bi Kishindo hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watu wa studio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza vishindo: zile sauti ambazo kamera haikuzinasa, au ilizinasa vibaya, na filamu ikizikosa inakuwa kama ndoto ya mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Mlango ukibamizwa, ni yeye. Mtu akitembea juu ya changarawe, ni yeye amevaa viatu vya kiume, anakanyaga ndani ya beseni huku macho yake hayabanduki kwenye skrini. Mfupa ukivunjika, ni karoti. Kisu kikizama mwilini, ni kabichi, na kama mwenye filamu si bahili, ni tikiti maji.

Zamani aliuza viatu. Dukani alizoea kumtambua mteja kabla hajageuka kumtazama, kwa mwendo wake tu. Siku moja fundi sauti wa studio aliingia akaulizia viatu vya mtu mwenye wivu. Wauzaji wenzake walitazamana, mmoja akajifanya anapanga maboksi ili asionekane anacheka. Yeye alishusha jozi moja ya soli ngumu, akasema, "Hivi hapa, ila avae namba ndogo kuliko mguu wake." Yule fundi aliondoka navyo. Aliporudi tena hakutaka viatu, alitaka muuzaji ahamie studio.

Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha. Kuta ziliwambwa magodoro, sakafu ilikuwa ya viraka: hapa mbao, pale vigae, pale saruji, pembeni kipande cha zulia. Katikati ulisimama mlango peke yake kwenye fremu, usioelekea popote, na ulikuwa umefunguliwa na kufungwa na wapenzi, wezi, polisi na mizimu. Kila kitu humo kilinuka kabichi.

Na nyumbani vilevile. Bi Kishindo hakuwa mtu wa kutupa chakula, kwa hiyo studio ikiwa na filamu ya mauaji, familia ilikula marehemu. Mumewe, fundi wa friji, mtu mpole anayezungumza na friji kwa uhuru kuliko na wateja, alikula bila kuuliza. Aliyeuliza ni baba mkwe.

Mzee huyu aliendesha malori maisha yake yote. Mkewe alipofariki, mwanawe alimleta kwake akiwa na sanduku moja na redio yake, akapewa chumba cha nyuma, lakini mwenyewe akachagua kochi la sebuleni kuwa makao yake ya mchana. Kazi ya mkwewe hakuielewa sawasawa, ila aliiheshimu kama kazi yoyote ya mtu anayeondoka asubuhi na kurudi amechoka.

"Leo mmeua wangapi, mwanangu?" alikuwa akiuliza jioni.

"Mmoja tu, Baba. Wa pili tumemwacha mpaka kesho."

"Poleni na kazi." Kisha chakula kikiletwa, angeitazama kabichi kwenye sahani. "Na huyu alikuwa nani?"

"Mlinzi wa hoteli, Baba."

Mzee angeonja, atafune taratibu. "Alipungukiwa chumvi, lakini alikuwa mtu mzuri."

Ndivyo walivyoishi, kwa adabu na utani mdogo mdogo, hadi ilipokuja ile filamu ya mkasi.

Ilikuwa filamu ya muuaji anayevaa koti la mvua na foronya usoni iliyotobolewa macho, akiwawinda wageni katika nyumba ya kulala wageni iliyofungwa, kwa mkasi mkubwa wa kukatia ua. Anawamaliza karibu wote. Mwishoni msichana mmoja aliyebaki anamsukuma kutoka juu ya ngazi, naye anaporomoka na kuangukia mkasi wake mwenyewe. Hapo kamera inakaa. Haiondoki. Tunamwona chini ya ngazi, kifua kikipanda chini ya koti, kikishuka, kikipanda, kisha kikitulia.

Tatizo lilikuwa sauti. Siku ya kupiga picha, mwigizaji alipiga ukelele wa kukata roho, lakini jenereta ya jirani ilinguruma juu yake, na sasa mwigizaji mwenyewe alishapata kazi ya kuuza bima mji mwingine na hapokei simu. Mwongozaji akaja kwa Bi Kishindo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye akiona damu ya kweli hutafuta mahali pa kukaa.

"Dada, nisaidie kumuua huyu mtu," alisema.

"Unataka afe vipi?"

Mwongozaji alifikiri. "Nataka watu wafurahi kwamba amekufa. Halafu waone aibu kidogo kwa kufurahi."

Wakaanza. Kwanza walimpa ukelele kutoka kwenye hifadhi ya studio. Ulikuwa ukelele wenye nguvu, na muuaji akafa kama mnyama. Mwongozaji akatikisa kichwa. "Huyu nimeshamsikia akifa mahali. Alikuwa jambazi, na kabla ya hapo alidondoka kwenye farasi."

Bi Kishindo akaja na wazo lake, na alilipenda sana: kimya kitupu, isipokuwa bomba linalodondosha maji mahali fulani ndani ya nyumba. Alikesha nalo kichwani, akatafuta bomba, akatafuta ndoo inayofaa. Mwongozaji alisikiliza mara mbili, akamwita dada wa mapokezi aje atazame. Dada wa mapokezi akatazama hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Spika zimeharibika?" Bi Kishindo alinuna hadi saa ya chakula, kisha akakubali kwamba dada amesema kweli.

Akajaribu pumzi yake mwenyewe. Alilala kwenye zulia, mdomo karibu na kipaza sauti, akahema akafa. "Huyu," mwongozaji alisema akijikuna kidevu, "ni mama anayepanda ghorofa na mifuko ya sokoni." Mume akaitwa akitoka kazini na spana yake mfukoni. Alikufa vizuri kupita walivyotarajia, ila alipomaliza kufa alisema, "Tayari," akaangua kicheko, na kila walipojaribu tena kicheko kilimjia katikati. Picha ilibaki ileile, lakini kila sauti ilimfanya marehemu mtu mwingine, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa yule waliyekuwa wakimtafuta.

Jumapili moja mchana, Bi Kishindo alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Sebuleni Mzee alikuwa amelala kochini, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alikuwa anakoroma. Mkoromo ule nyumba nzima iliuzoea kama watu wanavyozoea kelele za barabarani. Siku ile, labda kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka kutafuta, Bi Kishindo aliusikia kwa mara ya kwanza. Ulipanda kama mtu anayeburuta sanduku zito juu ya ngazi. Ukafika juu. Ukakwama. Pakawa kimya, kimya kirefu, hata akainua kisu kutoka kwenye kitunguu akangoja. Kisha pumzi ikatoka yote, laini, na kafilimbi kadogo mwishoni, kama mtu aliyetua mzigo na hana haraka ya kuuokota tena.

Alimfuata mumewe uani. "Nataka kumrekodi Baba."

"Akisema nini?"

"Akiwa amelala."

Mume aliacha kufungua skrubu. Alipoelewa, alicheka mpaka akaegemea friji ya mteja. "Muulize mwenyewe. Mimi simo."

Lakini angeanzaje? Kumsikia baba mkwe akikoroma ni jambo moja, kumwekea kipaza sauti puani ni jambo lingine kabisa. Alisimama mlangoni na mashine yake mkononi, akarudi jikoni, akarudi tena mlangoni. Mwishowe akachuchumaa nyuma ya kochi kama mwizi, akarekodi, na muda wote alikuwa anaomba mumewe asiingie akamchekesha.

Kesho yake waliuweka mkoromo chini ya picha. Muuaji aliporomoka, mkasi ukamwingia (tikiti maji, safari hii), na akalala chini ya ngazi akavuta ile pumzi ya kuburuta. Ikakwama. Ikatoka. Kifua kikatulia. Mwongozaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kumbe alikuwa amechoka."

"Lakini sauti hii haijawa yetu," Bi Kishindo akamwambia. "Mwenyewe hajui."

Alimwambia Mzee siku hiyohiyo, baada ya chai, akiwa amepiga magoti kwenye mkeka mbele ya kochi kama anayepeleka posa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Kuna kosa mahali," alisema. "Mimi sikoromi."

"Baba..."

"Marehemu mama yenu nililala naye miaka yote ile. Hakuwahi kusema."

Bi Kishindo hakubishana. Alimvisha hedifoni, akazirekebisha zisimbane, akabonyeza. Mzee alisikiliza akiwa ameinua uso kidogo, jinsi alivyokuwa akisikiliza injini. Alianza kukunja uso, tayari kukataa. Kisha uso ukakunjuka. Mkono wake ukatoka gotini ukashika hedifoni ya kushoto, akaibana sikioni.

"Rudisha," alisema. Akarudishiwa.

"Huyu ni baba yangu," alisema Mzee. "Tulikuwa tunalala chumba kimoja, mimi na ndugu zangu kwenye mkeka, yeye kitandani. Tulikuwa tunamngoja pale anapokwama. Dada yangu alikuwa ananifinya, ananiambia sasa, sasa, sasa, halafu anapumua na sisi tunalala. Alifariki usingizini yule mzee. Sikujua kama amenirithisha."

Bi Kishindo akasema, "Tusipoitumia, Baba, naifuta hapa hapa."

"Usifute. Mpeni huyo muuaji wenu." Akavua hedifoni, akazishika mapajani. "Ila asihangaike sana. Aende taratibu."

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika onyesho la mchana. Mzee alivaa koti alilolivaa kwenye harusi ya mwanawe na akakataa kiti cha mbele, akisema hataki kuonekana anajidai. Alikaa kati ya mwanawe na mkwewe. Wageni wa mwanzo walipoanza kuchinjwa aliinama akamnong'oneza Bi Kishindo, "Huyu tulimla lini?" Akajibiwa, "Jumatano, Baba." Akaridhika. Ukumbi ulikuwa wa joto, viti vilikuwa laini, na saa yake ya kulala ilikuwa imefika. Msichana alipofika juu ya ngazi na watu wamekaa kwenye ncha za viti, Mzee alikuwa amelala fofofo.

Muuaji akaanguka. Watu wakashangilia, wengine wakapiga makofi. Kisha ile pumzi ikaanza na makofi yakapungua, yakakatika. Mwanamke mmoja nyuma yao alisema kwa sauti ya chini, "Maskini." Pumzi ikakwama, ikatoka, kifua kikatulia. Skrini ikawa nyeusi, ukumbi ukawa giza, na katika giza lile mkoromo ukaendelea.

Palepale watu walipiga kelele ambazo filamu nzima haikuzipata. Mtu mmoja aliruka kiti. Mwingine alikimbilia mlangoni, akagonga wa pembeni yake, wakaanguka pamoja. Mume wa Bi Kishindo alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Bi Kishindo peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi bega kwa bega na Mzee, na pumzi ilikuwa imekwama. Kule studio, kimya kile alikipenda. Hapa, koti la Mzee likiwa limegusa mkono wake na haliendi juu wala chini, alikiona kirefu mno. Alimshika kiganja akakibana. Pumzi ikatoka. Taa zikawaka, Mzee akafumbua macho, akaona watu wote wamemgeukia.

"Nimekufa vizuri?" aliuliza.

Nje, mwongozaji aliwakimbilia akiwa amejaa furaha. Mtu aliyegharamia filamu alikuwa amemshika bega akimwambia: waongeze mkoromo baada ya giza, muuaji awe hajafa, watengeneze sehemu ya pili. "Ni pumzi mbili tatu tu, Mzee wangu," alisema. "Unatupa ruhusa?"

Mzee alifunga vifungo vya koti. "Mwacheni afe, mwanangu. Ameua watu wengi, na kazi yenyewe inachosha. Mkitaka sehemu ya pili, tafuteni mtu mwingine, huyu mumpumzishe." Mwongozaji alimtazama Bi Kishindo, lakini Bi Kishindo mawazo yake hayakuwa hapo. Filamu ikabaki ilivyo.

Asubuhi iliyofuata hakwenda studio. Alimpeleka Mzee hospitali akiwa na mashine yake mkobani, akamsikilizisha daktari ule mkoromo. Daktari aliusikiliza kwa makini, akaeleza kwamba njia ya hewa ilikuwa inajifunga Mzee akilala, na kwamba jambo hilo si la kuchekea. Baada ya vipimo alipewa kifaa cha kupulizia hewa, chenye bomba na barakoa ya kufunga kichwani. Mara ya kwanza alipoivaa alijitazama kwenye kioo cha kabati, akamwita mwanawe.

"Nipe na ule mkasi," alisema.

Sasa nyumba ina utulivu mchana. Kifaa kinavuma kidogo kama friji isiyo na kasoro, na mume anakisifia kwa wageni. Bi Kishindo bado hajazoea. Jumapili akiwa jikoni husimama ghafla, akatega sikio, akaenda hadi mlango wa sebule na kitambaa cha vyombo mkononi, akaangalia blanketi linavyopanda na kushuka.

Juzi Mzee alifumbua jicho moja juu ya barakoa. "Unatafuta nini, mwanangu?" alisema, sauti ikitokea mbali ndani ya plastiki.

"Kikombe, Baba."

"Kikombe kiko jikoni."

"Ndiyo, Baba," alisema, lakini hakuondoka mlangoni hadi jicho lilipofumbwa tena.