Chupa Zangu za Mkojo Dirishani

Mpaka leo nikipita karibu na hospitali ile niliyolazwa najifanya naangalia upande wa pili wa barabara, maana manesi wa zamani bado wapo na wanakumbuka.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imeachia watu wajitafutie, kila mwalimu ana kamradi kake, na mimi mwalimu wa shule ya Chanji nikanunua maksai wa kulimia kwa Msukuma mmoja kule Kaoze. Akanionya nisisimame nyuma ya ng'ombe huyo, nikasimama (mimi ni mwalimu, nafundishwa nini tena), maksai akanitandika teke la ubavu, na jioni nikakojoa damu.

Nilifika hospitali nikiwa nimeshaaga watoto, nikijua napasuliwa. Daktari akanipima kwa ultrasaundi, akasema, "Figo ya kushoto imechanika. Zamani tungekufungua, pengine tungeitoa kabisa. Siku hizi, presha ikiwa nzuri, tunaiacha ijifunge yenyewe. Kazi yako ni kulala, mwalimu. Usishuke kitandani mpaka mkojo uwe safi."

Basi kila mkojo ukawekwa kwenye chupa yake dirishani, pembeni ya kitanda, waone rangi inavyopungua, na aliyeniletea kopo la kukojolea ni nesi Yustina, niliyemfundisha darasa la nne na kumchapa kwa sababu ya hesabu.

"Shikamoo mwalimu. Tayari?"

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia kulala. Chupa ya asubuhi ilikuwa bado kama chai ya rangi, nikamwaga nusu kwenye kopo, nikajazia maji ya kunywa. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akafurahi, akaniruhusu nitembee kidogo, humo humo wodini.

Mchana walimu wenzangu wakaja kuniona, nami kwa kujionyesha nikawasindikiza mpaka getini, nikiwaeleza jinsi mwili wa Mfipa ulivyo mgumu. Pale getini ubavu ukakaza, macho yakaingia giza, nikaanguka, na suruali ya hospitali ikalowa mkojo mwekundu mbele ya mwalimu mkuu, ambaye ni mama wa makamo, mtu wa heshima zake.

Nikarudishwa kwa machela. Yustina akainusa ile chupa ya asubuhi.

"Mwalimu, umeongeza maji?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Daktari akapima tena, akasema damu isipokoma mpaka jioni ananifungua. Nikaongezewa chupa mbili za damu, moja katoa mwalimu mkuu. Damu ya mkojo ikakoma. Nikalala siku kumi na moja bila kugusa sakafu.

Mama yule alistaafu bila kulitaja jambo hilo, ila kila nilipopandisha sauti kikaoni alinitazama tu, nami nikakaa. Nimeapa: mtu aliyesomea kazi yake akiniambia lala, nalala, na anachokitaka kwenye chupa nampa kama kilivyotoka.