Kibonyeo cha Mlango wa Kushoto

Mimi ni fundi wa bodi za magari. Karakana yangu iko mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, Nairobi, nyuma ya kinu cha posho, na unga wa kile kinu umeniharibia rangi nyingi kuliko mvua. Kwetu ni Magharibi, lakini Kongo nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Hasira zangu ziko karibu, na siombi radhi. Mteja akija kuniambia nijaze mabonyeo kwa puti tu, gari lionekane zuri mpaka aliuze, namfukuza. Bati likiingia kwangu limebonyea, halitoki limebonyea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Aliyeniletea lile gari ni kijana mmoja wa Riruta, mjukuu wa wale wenye ploti za zamani. Siku za kazi yuko ofisini na kompyuta. Jumamosi anakuja kwangu amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nimcheke. Alikuwa na ugonjwa wa magari ya zamani ya Kimarekani, yale ambayo wenyewe huko hukata paa likawa fupi, hulaza bodi chini karibu iguse lami, halafu wanaweka injini kubwa bila kuifunika, matumbo nje. Angekushika shati akuonyeshe video kwenye simu mpaka chai yako ipoe. Nilimwona ni mtoto wa watu aliyekosa kazi ya kufanya. Baada ya wiki mbili na mimi nikawa naangalia zile video nyumbani kwangu, mke wangu ananitazama tu.

Wa tatu alikuwa fundi wa injini kutoka Kibera, pale Kisumu Ndogo, mzee kunipita kwa miaka kumi hivi. Mimi humwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, yeye huniita fundi, na hakuna siku tumekubaliana jambo lolote isipokuwa chai. Yeye ndiye aliyetupatia injini ya pistoni nane, akaikarabati kipande kwa kipande kwa mikono ambayo haijui haraka.

Gari lenyewe lilikuwa la babu yake kijana. Alilinunua kwa mzungu aliyemfanyia kazi, yule mzungu alipokuwa anarudi kwao. Usukani ulikuwa kushoto, kinyume na Nairobi nzima. Mzee alipokufa liliingizwa bandani, kuku wakahamia. Tulipoufungua mlango mara ya kwanza ilitoka harufu ya ugoro na ya koti la mtu. Miaka yote ile na kuku wote wale, na bado kulikuwa na harufu ya koti. Jaduong' alivua kofia, akasali kidogo kabla ya kugusa boneti. Nilimcheka, lakini nilicheka polepole.

Mwenye gari alikuwa mjane wa mzee, shosho wa kijana, yaani nyanya yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Alikuja mpaka bandani ameshika bega la mjukuu, akasimama mbele yetu.

"Kateni vile mnataka," alisema. "Mimi sioni. Lakini hii mlango ya dereva muwache vile iko. Na kabla mpake rangi mniite niishike. Nikiitambua, nitapanda, mnipeleke mpaka kanisani nayo. Nisipoitambua, irudi hapa kwa kuku."

Tulikubali wote watatu. Kijana aliniambia njiani kwamba tangu mazishi shosho hajakaa kiti cha mbele cha gari lolote. Hukaa nyuma, kama abiria. Kwa hiyo tulijua tunachofanyia kazi: tulikuwa tunamtengenezea yule mama kiti chake.

Tulifanya kazi miezi. Nilikata nguzo za paa, nikalishusha kiasi cha upana wa kiganja, nikachomelea tena. Nilipofika kwenye milango nilikumbuka neno la shosho. Ule wa kushoto sikubadilisha kishikio, sikubadilisha mpini wa kuzungushia kioo, hata raba iliyopasuka niliirudisha imepasuka. Nilijiona mwaminifu sana.

Halafu nikausoma mlango kwa mkono. Wasiojua kazi hii wanadhani tunatazama. Hatutazami. Unaweka kitambaa chepesi cha pamba juu ya bati, unafumba macho, unapitisha kiganja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi hutumia cha kushoto kwa sababu cha kulia kimekufa ganzi kwa nyundo. Jicho linadanganywa na mwanga, kiganja hakidanganywi. Na chini kidogo ya dirisha, upande wa nje, kiganja changu kikaingia mahali.

Kilikuwa kibonyeo chepesi, ukubwa wa mkono wa mtu. Kwa macho hukioni. Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi kama daktari aliyepata ugonjwa ambao wenzake wameukosa. Haikunipitia akilini kwamba "vile iko" inaweza kuwa pamoja na hicho. Kwa fundi wa bodi, kubonyea si hali ya gari. Ni maradhi. Ukiambiwa umwache mgonjwa alivyo, huachi na homa. Nilichukua nyundo na chuma cha kushikilia kwa nyuma, na kabla chai haijaletwa mlango ulikuwa umenyooka.

Jioni ile, jua likielekea Dagoretti, tuko mimi na Jaduong' tumekaa kwenye matairi tunakunywa chai, mlango ukapiga. Pa! Mara moja tu, kama mtu ameupiga kofi.

"Nani huyo?" Jaduong' akauliza.

Hakuna mtu. Niliinuka nikazunguka gari lote, nikachungulia hata chini. Kesho yake mchana ukapiga tena, na jioni tena, saa ile ile.

Sababu yake naijua. Bati likigongwagongwa mahali pamoja kwa miaka linatanuka. Ukilinyanyua, ile ziada inakosa pa kwenda, inakaa imevimba. Jua likilipasha linaruka nje, likipoa linarudi ndani, na kila likiruka linalia. Nilimweleza Jaduong' haya yote kwa utaratibu, mpaka na kijiti nikachora chini kwenye vumbi.

"Elimu yako ni nzuri," akasema. "Lakini mimi chini ya hiyo gari jioni silali."

Na mimi niliyejua sababu, jioni ya tatu nilisimama nikautazama ule mlango, kioo kimeshushwa, kiti kitupu. Nilikuwa naingoja ile sauti. Ilipokuja niliitikia, "Ee." Sijui nilikuwa namwitikia nani. Jaduong' alinisikia, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Kijana hakuisikia, kwa sababu jioni za kazi yuko ofisini. Angeisikia, huenda mambo yangekuwa mengine. Nimeliwaza hilo mara nyingi.

Siku ya nne hasira ilinipanda. Sitatishwa na bati katika karakana yangu mwenyewe. Niliwasha gesi, nikapasha doa dogo mpaka likawa jekundu, nikaligonga, nikalizima kwa kitambaa kibichi. Ndivyo bati lililotanuka linavyorudishwa, unalifanya lisinyae kwa moto na maji. Doa la kwanza likafoka mvuke, la pili, hadi la sita. Kisha puti nyembamba, msasa, rangi ya chini ya kijivu. Nilipopitisha kiganja, hapakuwa na kitu.

Jioni ilipofika, saa ile, tulinyamaza wote wawili bila kuambiana. Kinu cha posho kilikuwa kimezimwa. Tukasikiliza. Mlango haukusema neno, na kimya kile kilinitisha kuliko kofi lenyewe. Jaduong' aliosha kikombe chake akaenda zake Kibera mapema.

Jumamosi shosho aliletwa. Alianza mbele, akagusa taa, akagusa injini iliyo wazi, akamuuliza mjukuu kama baba zake walimlea bila nguo, hata na yeye analivua gari nguo. Tukacheka. Akafika kwenye paa. "Mmemfupisha," akasema. "Sawa. Hata mimi nimekuwa mfupi." Akafika mlango wa kushoto, akashika kishikio, uso ukalegea. Kisha mkono wake ukashuka chini ya dirisha.

Ukapita. Ukarudi. Ukapita tena, taratibu zaidi, vidole vimetanuliwa.

"Mlango mmebadilisha," akasema.

"Hapana, shosho. Ni ule ule," nikamwambia.

"Hapa ndipo alikuwa anapiga." Aliweka kiganja pale pale. "Kila jioni kwa gate. Hakuwa mtu wa honi, alisema honi ni ya kuita mifugo. Alitoa mkono kwa dirisha, anapiga mara moja, mimi naenda kufungua. Miaka thelathini na kitu. Mpaka mlango ikashika mkono wake. Yeye ameenda, lakini mkono wake ulikuwa hapa. Nilikuwa nakuja kuushika huko kwa kuku, hamkujua."

Jaduong' alitoka nje akasimama barabarani. Kijana akanigeukia. "Fundi, si alikuambia usiguse?"

Nilitaka kukasirika. Nilitaka kusema kubonyea ni kubonyea, kwamba nimefanya kazi safi ambayo hapa Kawangware hawezi kuipata kwingine.

"Irudi kwa kuku," shosho akasema, bila ukali wowote. Akaomba kupelekwa nyumbani, akapanda kiti cha nyuma.

Jumatatu nilibaki na ule mlango peke yangu. Niliupiga kwa kiganja, jinsi alivyopiga yeye, mkono nje ya dirisha, mara mia, mara mia nyingine, mpaka kiganja kikavimba. Bati lililozimwa kwa maji ni gumu, halikuniitikia. Nikachukua nyundo ya mti na gunia la mchanga, na hapo ilikuwa rahisi. Kwa muda mfupi nilikuwa nimetengeneza kibonyeo pale pale, ukubwa ule ule, nikakilainisha kingo. Kilikuwa kizuri kweli. Nilikuwa najipongeza Jaduong' alipoingia, akakitazama, akanitazama.

"Fundi," akasema. "Unataka kumdanganya mama asiyeona?"

Nilimtukana, nisiseme uongo. Nilimwambia arudi Kisumu Ndogo akaendelee kuombea injini. Alikaa kwenye tairi lake. Nilipofumba macho na kupitisha kiganja juu ya kazi yangu, nikaona aibu. Kilikuwa shimo lililochimbwa na nyundo, halikuwa na mtu ndani. Nililinyoosha tena, nikanawa mikono, nikaenda Riruta kwa miguu.

Shosho alikuwa amekaa nje kwenye jua. Nilipiga goti, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mteja. Nikamwambia kila kitu: kwamba nilikikuta, kwamba nilidhani ni kasoro, kwamba mlango ulilia siku tatu jioni nami nikaunyamazisha kwa moto. Aliposikia ulilia alishika shuka lake kwa nguvu.

"Jioni saa ngapi?"

"Jua likienda Dagoretti."

Kuku walipita katikati yetu. Halafu akauliza, "Ulikigusa kabla ukitoe? Kwa mkono?"

"Nilikigusa, shosho. Nilikisoma vizuri."

"Mkono gani?"

Nikampa wa kushoto. Akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akauchunguza kwa vidole kama mtu anayepima nguo sokoni.

"Niambie vile ilikuwa."

Nikamwambia. Kwamba kina kikubwa kilikuwa juu, karibu na dirisha, mahali pa kisigino cha kiganja. Kwamba vidole vitatu viliacha njia nyembamba, cha kati kirefu zaidi. Kwamba cha mwisho, kile kidogo, hakikuacha kitu, bati lake lilikuwa kama siku lilipotoka kiwandani, na mimi sikuelewa kwa nini.

Shosho alianza kulia, na huku analia anacheka. "Kilikuwa kimepinda," akasema. "Alikivunja kabla anioe. Hakikunyooka. Hata kwa jeneza kilikuwa kimesimama peke yake." Akafuta macho kwa ncha ya shuka, mkono mmoja, wa pili haukuniachilia. "Mwambie huyu mtoto apake rangi anayotaka. Achukue gari. Mimi sina kitu huko tena."

Nikasema nisamehe, shosho. Hakusema amenisamehe. Alikikunja kidole changu kidogo mpaka kikasimama, akaweka kiganja chake ndani ya changu, akakiegemeza pale kwenye kisigino, mahali palipokuwa na kina.

"Usiende kwanza," akasema.

Nikakaa.