Nani Amegusa Do Yangu?

Marafiki, leo nimekatiza sala ya pasta, kanisa yote inaniangalia.

Munajua kinanda yetu ya hapa Nengo, ile ya bei chini ya kutoka Goma. Ukitoa kidole, sauti inakufa palepale. Donc wakati watu wanaomba, mi nakwamishaka ile noti ya Do ya chini na kijiti ya kibiriti, ilie yenyewe. Sauti ikikatika, kila mutu anajua: sala imeisha, tukae.

Leo nafika, nafungua kabati tunamofungiaka kinanda, nakuta kwa Do kumekwama kitambaa. Kitenge, imekunjwa na kushonwa vizuri.

Si yangu!

Nikaiacha palepale. Sala ikaanza, Do ikalia muzuri kuliko siku zote. Hapo ndipo roho ikaniuma. Nikavuta ile kitambaa, niiangalie.

Kimya.

Kanisa yote: "Amina!" Wakakaa. Pasta akabaki amesimama peke yake, mikono juu, hajafika hata kwa kuombea wagonjwa.

Kisha Béatha akanikaribia, ule mushonaji wa kwaya yetu. "Dada, ni mi nilikushonea. Kijiti yako inaangukaka."

Bon, asante. Lakini Béatha ndiye anasemaka kinanda yeye haijui hata kidogo. Alipimia wapi?

Bado naitafakari, akatoa kitambaa ingine kwa mukoba.

"Hii ni ya Sol. Zikilia pamoja na Do, inakuwa tamu sana."

Mi sijawahi kukwamisha Sol. Na ufunguo ya kabati ya kinanda nalalaka nayo.

Niambieni, hiyo utamu aliisikia wapi?