Mama Mkwe Aliyekataa Kuonja Pombe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya zamani ambayo nikifumba macho naiona tena: wazee wa kina Saruni wanapanda mlima kuja kijijini kwetu Nkoaranga kumposa wifi yangu Ndeshi. Ni wakati wa Mjerumani huo, boma la Arusha mjini bado linanukia chokaa. Mimi ni mke mpya, nimeolewa na Nderingo, mtoto wa kiume pekee wa mama mkwe wangu, Nasari.

Mama Nasari alikuwa anaumwa. Siku hizi mnauita kisukari. Sisi hatukuwa na jina. Tuliona tu anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, anakonda, kidonda cha kisigino hakifungi, na pale anapokojoa mgombani sisimizi wanajaa. Alikuwa akipeleka ndizi mjini, na huko Mwanaidi, mke wa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Pangani, akamwambia kwamba naye anaumwa hivyohivyo, ila mwezi wa Ramadhani hupata nafuu. Mama akarudi na wazo lake. Akaacha kula asubuhi. Akawa anakula jua likishapinduka, na tena kidogo kabla halijazama. Zaidi ya hapo, maji tu. Pombe ya ndizi akaiacha kabisa, yeye aliyejua kuipika kuliko wanawake wote wa mlimani! Miezi ikapita, kiu ikapungua, kidonda kikaanza kufunga.

Sasa, kwetu mpishi wa pombe hunywa kwanza, kibuyu kizima, mbele ya wageni. Asipokunywa, watu husema ametia kitu. Siku ile Mama akajaza kibuyu, akamnyooshea Mzee Saruni, baba wa kijana. Mzee hakukipokea.

"Mama Nderingo, hujasahau kitu?"

"Sijasahau. Mimi sinywi."

"Hunywi? Na umepika mwenyewe?" Akawageukia wenzake. "Jamani, tumekuja kuchukua mke au tumekuja kufa?"

Mzee mmoja akaokota fimbo yake. Nyuma ya mlango Ndeshi akanishika mkono mpaka ukauma. Wazee wale wakiteremka, posa imekufa, na jina la uchawi limebaki nyumbani kwetu. Nikatoka, nikamnong'oneza, "Mama, kunywa tu, mara hii moja."

Akanitazama. "Leo kwa ajili ya Saruni. Kesho kwa ajili ya nani?"

Kisha akasema jambo ambalo mwanamke hasemi mbele ya wakwe.

"Nina ugonjwa wa mkojo. Mkitaka ushahidi, nendeni mgombani mkawaulize sisimizi. Nikifunga napata nguvu, nikinywa hiyo narudi kitandani. Na kama mnaogopa sumu, mtoto wangu wa kiume ni huyu mmoja tu."

Akampa Nderingo kibuyu. Mume wangu akanywa mpaka tone la mwisho, akacheua.

Halafu Mzee Saruni akacheka mpaka akakaa chini. "Wanawake wengine wanaficha umri, huyu hata mkojo hafichi! Leteni pombe. Kwenye nyumba ya watu wa namna hii ndiko ninakotaka mke."

Ndeshi akaolewa. Mama Nasari hakupona, nisikudanganye. Ugonjwa alikaa nao mpaka mwisho wake. Lakini aliishi, akatembea kwa miguu yake, akawalea wanangu Kaanaeli, Ndetaniswa na Elia. Sijaona mtu mwingine mwenye moyo kama ule.

Basi, mwanangu, ukiambiwa una kisukari na ukataka kufunga kwa saa, nenda kwanza kwa daktari, hasa kama unajichoma sindano au unameza dawa. Mama Nasari hakuwa na dawa mwilini. Wewe ukiwa nazo, dawa pamoja na njaa vinaweza kukuangusha. Ukiona unatetemeka na jasho linakutoka, kula papo hapo, usione aibu. Na daktari akikuruhusu, ujue njaa haitakusumbua kama watu. Msibani, harusini, watakuletea sahani: "Kidogo tu, au unatudharau?" Usitafute uongo. Utaje ugonjwa wako kwa sauti, ukae na watu, ucheke nao, usile.

Mungu akulindie macho na miguu yako, akuzeeshe mpaka majina ya wajukuu yaanze kukuchanganya.